Wifi, Jicho Jipya na Mbingu Inayopepesa

Wifi yangu Márgget alipotolewa mtoto wa jicho, kijiji kizima cha Guollejohka, huku kwetu kaskazini ya mbali kwenye theluji, kilikosa raha. Alirudi kutoka hospitali ya pwani na kiraka cha plastiki usoni, akakaa nacho kama alivyoagizwa, na siku alipokitoa alivuka ua akaingia jikoni kwangu. Hakukaa. Alisimama katikati akaanza kukagua kuta, dari, sakafu, halafu mimi.

"Risten," akasema, "haya mapazia yalikuwa meupe nilipoyaona mara ya mwisho."

"Kaa unywe kahawa."

"Na wewe ulikuwa na kidevu kimoja."

Nikamwambia afanye hima arudishe hilo jicho hospitali wampe lake la zamani, tulikuwa tunaelewana vizuri nalo. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua pakiti ya maziwa akasoma kila kilichoandikwa juu yake, kwa sauti, hata anwani ya kiwanda. Kaka yake Jovnna, yaani mume wangu, alipoingia na mzigo wa kuni, Márgget alimtazama kwa muda mrefu, uso ukaingia huruma.

"Masikini Jovnna. Umezeeka lini, na hukuniambia?"

Jovnna ni mtu ambaye maneno yake anayagawa kama sukari ya wakati wa vita. Aliziweka kuni chini, akatoka kupasua nyingine, ingawa kuni tulizokuwa nazo zilitosha mpaka Pasaka.

Mambo yalikuwa hivyo kwa wiki kadhaa. Dukani aligundua kwamba kijana aliyekuwa akimwita "mwanangu" ana mvi kumshinda yeye. Kanisani alimwambia mchungaji, kwa nia njema kabisa, kwamba koti lake limeliwa na nondo mgongoni. Asubuhi alinipigia simu kunieleza kwamba kuna ndege kwenye mti wa mbali, na ukiweka simu chini anapiga tena kusema ndege ameruka. Nilikasirika, nikamfokea, na nikikata simu nacheka peke yangu kama punguani. Alikuwa na furaha inayoambukiza, na mimi niliambukizwa.

Nikueleze ni mtu gani huyu. Márgget alizaliwa kwenye ua huu huu, akaolewa na Heaika wa ng'ambo ya mto, akamleta Heaika ahamie kwao badala ya yeye kuhamia kwa Heaika, na Heaika alifuata bila ubishi kwa sababu alishaona kubishana naye ni kazi ya bure. Heaika alikufa moyo ukiwa umechoka, akamwachia mtoto mmoja, Ánte, na kundi la kulungu wa theluji, wale wa kufugwa. Kulungu ndio maisha yetu. Ndio nyama, viatu, koti, sleji, ndio sababu ya mtu kuamka kwenye baridi ambayo mate yanaganda kabla ya kugusa ardhi. Ánte alikua, akaenda Alta mjini, akapata kazi ya kufunga matairi na nyumba ya ghorofani yenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini. Sina ubaya naye. Ni kijana mwema, ila ana hofu nyingi, na hofu zake zote zinamhusu mama yake.

Hofu hizo zilianzia bomani. Kila majira ya baridi kulungu wa koo zote wakishachanganyika milimani, tunawaswaga kwenye boma moja kubwa na kuwagawa. Wanakimbia kwa duara, wewe umesimama katikati na kamba yako, na unamtambua wako kwa alama zilizokatwa masikioni tangu akiwa ndama. Sikio linapita mbele yako kwa muda wa kupiga chafya. Mwaka ule uliotangulia, Márgget akiwa na ukungu macho yote mawili, alivuta kulungu wa jirani yetu Issát. Akamwachia, akarusha tena, akavuta mwingine wa Issát. Aliporusha tena alimvuta Issát mwenyewe, mguu wa kushoto, na Issát akaburutwa kwenye theluji akitukana mpaka kofia ikamtoka. Watu walicheka wakalia. Ánte hakucheka.

"Mama, huoni," alimwambia jioni ile mezani kwangu. "Tuuze kundi lote uje ukae kwangu."

"Nije nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nimechoka na nini?"

Walivutana hivyo mpaka kahawa ikapoa na vipande vya jibini tunavyotia ndani yake vikagandamana. Mwisho wakakubaliana: mama atafanyiwa jicho moja, na kwenye mgawanyo unaofuata Ánte atasimama naye bomani. Akisoma masikio sawasawa, anabaki na wanyama wake mpaka atakapochoka mwenyewe. Akikosea, au jicho likigoma, kundi linauzwa na yeye anahamia mjini. Wakapeana mkono, na kwetu mkono ukishatolewa haurudishwi mfukoni na maneno.

Ndiyo maana daktari alipompa masharti ya jicho, Márgget aliyashika kuliko Baba Yetu, na alinikaririsha mimi pia. Usiiname sana. Usilisugue. Na kubwa kuliko yote: ukiona mwanga unamwekamweka kama radi pembeni mwa jicho, usingoje kesho, njoo siku hiyo hiyo, maana huenda ngozi ya ndani ya jicho inabanduka, na ikibanduka ikaachwa, jicho limekwenda.

Sasa hapo lazima nimtaje mama mkwe wangu, marehemu Gáddjá, maana alikuwa kaburini miaka mingi lakini vituko vya asubuhi ya mgawanyo vyote ni vyake.

Mianga ya mbinguni, ile ya kijani inayotoka kwetu wakati wa baridi, kila ukoo una adabu zake nayo. Wajukuu wa Issát wanaipiga picha kwa simu. Wageni wanashushwa na mabasi kuja kuishangaa na kuangukia kwenye mitaro yetu. Lakini katika ukoo huu wa mume wangu, Mianga ikitoka unavuta mtandio mpaka kwenye nyusi, unatazama viatu vyako, unafanya kazi yako na mdomo umeufunga. Hupigi mluzi. Hupungi kitambaa. Na huitazami kabisa, kwa sababu ukiitazama nayo inakutazama, ikikupenda inashuka, na ikishuka unaondoka nayo. Mimi nilipoolewa nilikuja na ujuaji wangu wa pwani, nikasimama uani kinywa wazi kuiangalia. Mama mkwe alikuja nyuma yangu taratibu akanivika ndoo kichwani. Ndoo yenyewe ilikuwa na mabaki ya maziwa. Tangu hapo nami natazama viatu, na ninajivunia kuvijua viatu vya kila mtu wa kijiji hiki.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Márgget alilelewa na Gáddjá, utoto wake wote kichwa chini. Uzee ukaja na ukungu wa macho. Mwanamke wa watu ameishi miaka yote chini ya Mianga na haijui zaidi ya mtu wa jangwani.

Siku ya mgawanyo ikafika. Ánte alikuwa amekuja jana yake, amelala kwenye chumba cha juu kwa mama yake. Ilikuwa katikati ya majira ya giza, jua halijatokeza kwa wiki nyingi, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi kwetu nje ni kama saa sita usiku kwa wengine, ila sisi tumeshaamka, tumeshakunywa kahawa na tunanung'unika kwa hasira za asubuhi. Nilikuwa nakata nyama kavu ya kuchukua bomani mlango ulipofunguka, akaingia Márgget. Alikuwa ametoka kuwalisha kulungu wake wa sleji nyuma ya nyumba. Mtandio ulikuwa umemshuka mpaka nyusi, kwa hiyo nilijua Mianga imetoka. Lakini uso wake ulikuwa umekwisha kabisa.

"Linamweka," akasema.

"Nini kinamweka?"

"Jicho, Risten. Jicho linamweka. Pembeni. Linawaka, linazima, linawaka, linazima."

Kisu kikanitoka mkononi. Nikamkalisha, nikamvua mtandio, nikamwangalia.

"Na sasa?"

Akatulia, akageuza jicho huku na huku. "Sasa halimweki."

"Labda ulikuwa umeinama."

"Niliinama kidogo tu."

"Nenda mlangoni ujaribu tena."

Akavuta mtandio, akatoka kizingitini, akasimama akitazama viatu vyake kama alivyofunzwa. Akarudi ndani mbio. "Linamweka. Nje linamweka, ndani linaacha."

"Ni baridi," nikamwambia, kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote. "Baridi inalikaza jicho, linaanza kubanduka. Ndani joto linalilegeza, linarudi mahali pake. Ni kama mpira wa gari."

Mpaka leo nikikumbuka maelezo yale natamani ndoo ya mama mkwe nijivike mwenyewe.

Nilimwita Jovnna. Jovnna akachukua tochi ya kichwani, tukatoka wote watatu uani, vichwa tumeinamisha, tukamsimamisha Márgget kwenye theluji na kumchunguza jicho. Jovnna alimulika, mimi nikafungua kope kwa vidole. Tuliona jicho. Lilikuwa zuri, jeusi, lina machozi. Na Márgget anasema hapo hapo, "Haya, limewaka. Limezima. Limewaka." Sisi tunazidi kusogeza pua karibu tukitafuta cheche humo ndani. Watu wazima watatu, tumezungukwa na theluji inayowaka na kuzima kijani chini ya miguu yetu, na hakuna aliyeinua shingo.

"Washa gari," nikamwambia Jovnna. "Tunakwenda hospitali."

"Siendi," akasema Márgget.

"Unakwenda."

"Risten, nisikilize. Nikiondoka leo, sitakuwepo bomani. Nisipokuwepo, nimeshindwa, mkono nilishatoa. Ánte atauza kundi, na hatakuwa na kosa."

"Na ukibaki jicho likafa?"

"Nitaliomba lingoje mpaka jioni. Nisome masikio kwanza, halafu life."

"Wewe mwanamke una kichaa."

"Ninacho. Na usimwambie Ánte."

Hapo nilikasirika kweli kweli. Nikamwambia mimi sikuja kwenye ukoo huu kuolewa na mwanamume bubu ili baadaye nimwongoze wifi kipofu msalani. Akaniambia kama ni hivyo hata kidevu cha pili sistahili. Nikamwambia atakwenda mjini bila jicho na bila kulungu, akae ghorofani asikilize sakafu ikichemka. Akaanza kulia. Márgget halii. Kwenye mazishi ya Heaika alikuwa anawapangia watu viti. Alipolia nami nikalia, na kwenye baridi ile kulia si jambo la mchezo, machozi yanakugandia kwenye kope. Niliogopa. Nilijiona asubuhi nyingi zinazokuja, simu haiiti, hakuna anayeniambia ndege ametua wapi.

Nikajitenga mpaka nyuma ya banda la kuni nikapiga simu hospitali. Ilipokewa na muuguzi, sauti ya msichana, na bahati nzuri alizungumza lugha yetu. Nikamweleza yote mbio mbio.

"Anaona kama pazia jeusi, mama?"

"Haoni pazia."

"Vidoa vinavyoelea, kama nzi?"

"Hapana. Mwanga tu. Ila akiwa ndani unaacha."

Muuguzi akauliza, "Ukimzimia taa ndani je?"

"Hatujajaribu."

"Nyie mko nje sasa?"

"Mimi niko nje."

"Mbingu ikoje huko?"

"Sijui."

"Hujui vipi na uko nje, mama?"

"Sisi hatuangalii," nikamwambia. "Ikiwa imetoka, hatuangalii."

Nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia anapumua puani, pumzi ya mtu anayezuia kucheka kazini.

"Bibi yangu pia alikuwa hivyo," akasema. "Alitufunika vichwa kwa taulo. Sasa mama, jifunike vizuri, halafu angalia mara moja tu kwa ajili ya jicho la wifi yako. Lawama nipe mimi. Na hata ukiona ni mbingu, kesho mleteni nilione hilo jicho, sitaki kubahatisha."

Nilimkumbuka mama mkwe. Nilimwomba radhi, kimoyomoyo, kwa heshima zote. Nikashika mtandio chini ya kidevu, videvu vyote viwili, nikainua uso.

Jamani.

Mbingu yote ilikuwa imejaa mabaka ya mwanga, hafifu, ya kijani iliyopauka, mengine mapana kama ziwa letu, mengine kama shuka. Na yalikuwa yanapepesa. Hayakusogea, hayakukimbia. Baka lilikuwa pale, halafu halipo, halafu lipo tena pale pale na umbo lile lile, kama kuna mtoto ndani yake anayechezea swichi na mama yake hajamwona. Kila moja na mwendo wake. Jingine lilivuta pumzi polepole, la jirani yake lilikuwa na haraka. Chini, juu ya mlima, kulikuwa na ukanda mmoja mrefu wa mawimbi, umejikunja na kujikunjua kama pindo la sketi ya bibi harusi, na mawimbi yale yalikuwa yanatembea kuelekea mashariki, moja likilisukuma jingine, bila kelele yoyote. Nilikaa kwenye kuni nikacheka, nikasikia muuguzi anasema "Mama? Mama?" nami nikashindwa kumjibu.

Nilirudi mbio. Márgget alikuwa amesimama vile vile, mikono ameifunika usoni.

"Wifi," nikasema, "jicho lako halina kitu. Ni mbingu inayopepesa."

"Usinidanganye ili nibaki."

"Dakika hii nilikuwa nakulazimisha uondoke."

"Basi unanidanganya kwa kuwa nimelia."

Mbishi yule hatabadilika. Nikamwambia sawa, tupime. Wewe tazama juu na jicho lako jipya, mimi nitazame juu na haya yangu ya zamani. Pale juu ya bomba lako la moshi kuna baka moja. Kila likiwaka, tunasema "sasa," mimi na wewe, bila kungojana. Kama ni jicho lako linalomweka, nitajuaje mimi?

Alisita. Aliangalia viatu vyake kwa mara ya mwisho, akavuta pumzi, akainua kichwa. Mtandio ukamwanguka mabegani na hakuuokota.

"Sasa," tukasema, pamoja.

Giza.

"Sasa."

Giza.

"Sasa," tukasema, na sauti yake ilikuwa imepanda juu.

Tuliendelea. Tulisema "sasa" mpaka tukaanza kuyumba, tumeshikana mikono, vikongwe wawili vichwa wazi. Halafu akaanza kunionyesha kwa kidole, jambo ambalo kwa mama yake lingekuwa sawa na kutukana kanisani. Lile pale linapepesa kama taa ya trekta linalotaka kukata kona. Lile jingine limesinzia. Yale mawimbi, Risten, tazama yale mawimbi, yanafika kwenye mlima halafu yanajikunja. Kwa nini mama alitunyima hivi? Nikamwambia labda mama alijua tukianza kutazama hatutakata kuni. Tulicheka tukaanguka kwenye theluji, na tukiwa tumelala chali tukaona kwamba kulala chali ndiyo namna nzuri zaidi.

Mpaka leo tunaitazama Mianga hivyo. Asubuhi za baridi anapiga simu, hasemi habari ya asubuhi, anasema tu "mabaka" au "mawimbi," na mimi najua nivae suruali ipi. Mawimbi unaweza kuyatazama umesimama mlangoni. Mabaka yanataka ngozi ya kulalia na chupa ya kahawa.

Asubuhi ile Ánte ndiye aliyetukuta. Alitoka amevaa suruali ya ndani ya sufu na mabuti hajayafunga, maana gari la mjomba wake lilikuwa linanguruma muda wote.

"Mama? Anti? Mmeanguka?"

"Tumelala," akasema Márgget. "Tazama juu."

"Bibi alisema..."

"Bibi yako ni mama yangu. Nikifika kwake nitamjibu mwenyewe."

Ánte akatazama juu, mikono mifukoni, bila mshangao wowote. "Hii ya kupepesa? Mjini tunaiangalia tukingoja basi."

"Unaiangalia?"

"Kila mara. Nikiwa hapa tu ndiyo naangalia viatu, nisiwaudhi."

Jovnna, aliyekuwa ameketi garini kofia imemfunika macho, tuliona akiinamia kioo cha mbele. Akakifuta kidogo kwa kiganja, pa kutosha jicho moja. Kisha akazima gari.

Na hapo ndipo Ánte alipoanza kujumlisha. Gari la nini? Nani alikuwa anapelekwa wapi? Márgget hajui kudanganya, alimwambia yote. Uso wa Ánte ukabadilika.

"Ina maana ulidhani jicho linaharibika, na bado ulitaka kwenda bomani?"

"Ndiyo."

"Na huwezi kujua kinachowaka ni jicho au mbingu, lakini utasoma sikio la ndama anayekimbia?"

Hakusema kwa ubaya, lakini neno lile lilimwingia mama yake. Hata mimi lilinikata furaha. Márgget alisimama akajikung'uta theluji, akajifunga mtandio upya, safari hii mabegani.

"Twende ukaone," akamwambia.

Bomani, mwanga wa buluu ulipopanda vya kutosha, kulungu walikuwa tayari wanazunguka, mvuke wao umefunika kila kitu. Issát alikuwa ameshika nguzo ya uzio.

"Márgget," akaita, "leo nimevaa viatu virefu, utanikosa."

"Leo nakuona vizuri, Issát. Ndiyo maana sikutaki."

Ánte alisimama naye bega kwa bega. Kamba ya kwanza ilikwenda, ikanasa kwenye pembe, na Márgget akasema alama kabla mnyama hajafika: pengo chini upande wa kulia, ncha imekatwa kushoto. Ánte akavua glavu, akashika masikio, akapapasa. Ilikuwa kweli. Wa pili kweli. Alivuta, akasema, Ánte akapapasa, na kila alipopapasa mabega yake yalishuka kidogo. Mimi nilikuwa kwenye lango nafungua na kufunga, na ninakiri sikuwa naangalia lango, kulungu watatu wa mtu mwingine walipita na sijui waliishia wapi. Issát mwenyewe aliacha kutania akabaki anatazama.

Kisha Márgget akarusha kamba akamvuta jike mmoja wa kijivu, mnene, mwenye pembe nzuri. Akamleta mpaka miguuni kwa Ánte, akahema, akasema, "Huyu si wangu."

Ánte akafumba macho. Nilimwona anatafuta maneno ya kumwambia mama yake kwa upole.

"Basi, Mama," akasema. "Wengi umewapata. Hakuna aibu. Umevuta wa watu."

"Nimesema si wangu. Sikusema nimekosea. Shika sikio."

Ánte akashika sikio la kushoto. Akapapasa, akasimama. Akashika la kulia. Mapengo mawili juu, ncha iliyokatwa mshazari. Kwetu mtoto anapobatizwa anapewa alama yake mwenyewe, haifanani na ya mtu mwingine yeyote duniani. Ile ilikuwa ya Ánte.

"Wangu uliwauza," akasema. "Nilipohamia mjini nilikwambia uwauze."

"Uliniambia. Sikukujibu kwamba nimewauza."

"Huyu ni mdogo. Huyu hakuwepo nilipoondoka."

"Ni mjukuu wa yule uliyepewa ubatizoni. Kila kiangazi nawakata masikio ndama wako kwanza, halafu wangu. Miaka ya ukungu nilikata kwa kupapasa na kidole gumba, Jovnna ameshika miguu."

Hata mimi sikulijua hilo. Jovnna ukimtia neno, umelitia kisimani. Nilimtafuta kwa macho, nikamwona ng'ambo ya boma anajifanya anafunga fundo.

Ánte alibaki amelishika lile sikio, mkono mtupu kwenye baridi ile, na jike yule naye akatulia kama anayemjua. Aliyekuwa ametaka kundi lote liuzwe ndiye huyu, na alama kwetu haiuzwi na mtu mwingine ila mwenye alama.

"Wako wengine?" akauliza.

Márgget alikuwa ameshaanza kukunja kamba yake upya, macho kwenye duara linalopita.

"Wako," akasema. "Macho mazima unayo. Watafute."

Ánte alinijia langoni, akanivua kamba begani bila kuniomba, akaingia katikati.